Mguu wa Kulipa Mguu

Nilivunjika mguu mahali ambapo si Kenya wala si Uganda. Nikisema hivyo watu hudhani nawatania, lakini mtu wa Busia huelewa mara moja. Kuna geti letu, kuna geti lao, na kati ya mageti hayo mawili kuna kipande cha barabara ambacho mwanzoni mwa miaka ya sabini hakikuwa na mwenyewe. Malori yalijipanga hapo kutwa nzima, maturniboi, wale wasaidizi wa madereva, wakipika chai chini ya trela, na abiria walioteremshwa upande mmoja ilibidi wafike upande wa pili kwa miguu yao, na mizigo juu. Ndipo vijana wakafunga vimito vya sponji kwenye keria za baiskeli na kuanza kuita, boda, boda. Jina lilizaliwa hapo, hata kama siku hizi kila mji unajidai ni lake.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko, chumba cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala na kupikia, mimi na watoto wangu. Wateja wangu wazuri walikuwa akina mama wa ng'ambo waliotaka gomesi, lile gauni refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni unaoning'inia mpaka magotini. Kule kwao vitambaa vilikuwa vimeanza kuadimika, na mimi nilikuwa na mkono. Sijisifu, nasema tu. Siku hiyo nilikuwa napeleka gomesi ya mama wa bibi harusi. Nikapanda baiskeli ya kijana mmoja wa Moding, nimekaa upande kama wanawake wote walivyokaa, gauni langu la watu mapajani, nimelifunga kwa karatasi.

Hapa pana ubishi, na ushahidi wangu sitaubadilisha hadi naingia kaburini. Yule kijana alikuwa anaenda mbio. Yeye anasema mshipi wa gomesi ulichomoka kwenye karatasi ukaingia kwenye spoki. Haya, ni kweli mshipi ulikutwa kwenye spoki. Lakini mshipi hauingii kwenye spoki za mtu anayeenda pole pole. Gurudumu likakwama, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea na safari peke yangu. Nilipofika chini, mguu wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo.

Nililia, msinione shujaa. Nililia kwa sauti mpaka turniboi mmoja akaacha chai yake kuja kuangalia.

Askari wetu alikuja mpaka kwenye geti lake, na hapo akasimama. Akauliza kwa mbali nimeangukia upande gani. Nikamjibu upande wa kulia. Akasema anauliza nchi. Nikamwambia ndiyo hii hapa katikati, kama haoni, na yeye akasema katikati si kwake, angeandika taarifa gani na aipeleke wapi. Yule wa ng'ambo naye alikuja akaitazama baiskeli, akaona kibati cha leseni ni cha baraza letu, akasema hilo ni jambo la Wakenya, wakalimalize kwao. Kila mmoja akarudi kwenye kivuli chake. Kijana wa Moding ndiye aliyenibeba. Alinikalisha tena kwenye kile kimto, akaisukuma baiskeli kwa mikono mpaka hospitali, na mimi nikimtukana njia nzima. Yeye alisukuma tu, akikwepa mashimo nisitikiswe. Hilo nililiweka moyoni, ingawa kwa wakati ule sikumwambia.

Mguu ulifungwa plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya goti, na daktari akasema nisiukanyagie kwa miezi mitatu. Nilipolisikia neno kukanyaga, nikasahau maumivu kabisa. Nilikuwa nimeikumbuka cherehani.

Inabidi nieleze. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ile cherehani ya kukanyaga kwa miguu alininunulia yeye, na kila Jumapili baada ya kanisa aliipaka mafuta mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Sasa kwetu, mtu akishazikwa, inafika siku ya kunyoa. Jamaa wote wananyolewa vichwa, halafu wazee wanakaa na kuuliza mbele ya kila mtu: marehemu alidai nani, nani anamdai, na vitu vyake viende wapi. Asiyesema siku hiyo, amenyamaza milele. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisema mapema. Alitaka ng'ombe, akapewa. Alitaka kunirithi mimi, nikakataa, na wazee hawakunilazimisha maana waliujua mdomo wangu. Mwishowe akataka cherehani, akasema ni mali ya ukoo, tena mke wake angeitumia kule Matayos. Mzee wa ukoo, ambaye ndiye aliyeendesha kikao, alifikiri sana, halafu akaamua hivi: cherehani ikae kwangu nilishe watoto wa marehemu, maadamu inalia. Ikinyamaza, irudi bomani.

Mnaelewa sasa. Cherehani ilikuwa yangu mradi isikike ikilia. Na mimi nimelala chali, mguu umening'inizwa, kibanda kimefungwa.

Nilirudi nyumbani nikakuta shemeji ameshafika. Alikuja kunipa pole, ndivyo alivyosema. Aliketi, akanywa chai yangu, akanihurumia sana, na wakati wote huo mkono wake ulikuwa unapapasa lile gurudumu dogo la cherehani, analizungusha kidogo, analirudisha. Alisema chuma kikikaa bila kazi kinashika kutu. Akasema atarudi na mkokoteni nikiwa nimepata nguvu kidogo, hataki kunisumbua. Mtu ananinyang'anya mkate, halafu ananiuliza ni saa gani itanifaa! Nilitaka kumrushia kikombe, ila kilikuwa cha mwisho kwenye seti.

Nilikuwa na mteja mmoja, karani wa mahakama, niliyemshonea suruali zake zote. Nikamwita nimuulize sheria inasemaje. Alikuja na miwani yake, akasikiliza, akauliza mshipi ulikuwa wa nani. Nikamwambia wa mteja. Akauliza aliyeukunja ni nani. Nikamwambia tusifike huko. Akacheka. Akasema kesi inaweza kufunguliwa, ingawa mahakama zote mbili zingeanza kwa kubishana kama ni yao, na huenda hakimu akagawa makosa nusu kwa nusu, mwendo wa kijana na mshipi wangu. Na hata nikishinda, yule kijana alikuwa na baiskeli tu. Ningepewa baiskeli, akasema, na kwa mguu gani ningeiendesha? Kuhusu cherehani alikuwa mpole zaidi. Mambo ya urithi huko nyumbani yalikwenda kwa kauli ya wazee, na kauli yenyewe ilikuwa wazi. Kama nataka cherehani ikae, basi nihakikishe inalia.

Ahsante sana, nikamwambia, kwa hilo sikuhitaji miwani.

Keshoye kijana wa Moding akaja na kuku. Alikuwa ameoa majuzi tu, na kuku huyo nadhani alikuwa nusu ya mali yake. Alisimama mlangoni akiwa amekunja kofia mkononi, akasema baba yake amemtuma aulize anadaiwa nini. Mimi nilikuwa nimekesha na hasira zangu. Nikamtazama, nikaanzia kichwani nikashuka mpaka chini, na macho yangu yakakwama kwenye miguu yake. Mapaja ya kijana anayepanda na kushuka na abiria kutwa nzima. Mashavu ya miguu yamejaa kule nyuma, misuli imetoka nje.

"Umenivunjia mguu," nikamwambia. "Basi leta mguu."

Hakuelewa. Nikamwambia kuku amrudishie mkewe, yeye aivute ile cherehani kutoka ukutani mpaka katikati ya chumba, achukue kiti, akae ng'ambo ya meza, uso kwa uso na mimi, na aweke miguu yake kwenye kile chuma cha kukanyagia kilichoko chini. Mimi nitakaa upande wangu, plasta yangu juu ya kreti ya soda, nisukume kitambaa. Asubuhi miguu iwe yangu, mchana akishakula arudi kwenye baiskeli yake atafute riziki. Hivyo hivyo mpaka plasta itoke. Alifikiri kidogo akasema sawa mama, ila yeye hajui kushona. Nikamwambia kushona najua mimi, yeye ajue kukanyaga tu.

Woi, ile wiki ya kwanza! Yule mtu alikanyaga cherehani kana kwamba anapanda mlima na mzee mnene nyuma. Sindano zilivunjika. Uzi ulikatika. Gurudumu lilirudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mshono ukawa na mafundo ambayo sijawahi kuona tangu nijue kushona. Nikipiga kelele asimame, alishtuka akakanyaga zaidi. Mwishowe tukaacha maneno. Nikigonga meza kidole kimoja, anaanza; nikiweka kiganja, anasimama. Ikafika mahali hata sikuhitaji kugonga. Aliangalia mikono yangu inavyosogea, na kwenye kona ya kola alipunguza mwenyewe. Siku ya kwanza tulipomaliza gomesi nzima bila uzi kukatika, tulitazamana tukacheka mpaka binti yangu mkubwa akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Soko nalo halikukosa la kusema. Fundi ameolewa. Fundi amekodisha mume wa asubuhi. Akina mama wa samaki, wale wanaoleta omena kutoka Sio Port, walipita makusudi na makarai yao kichwani wakaniuliza kama na wao wakivunjika watapata wa kwao. Niliwajibu wavunjike kwanza, tutaona. Mke wa yule kijana alikuja mwenyewe siku moja kuhakikisha. Alikaa asubuhi yote akitazama, akaona jinsi ninavyomgombeza mume wake, akarudi Moding ameridhika kabisa.

Aliyekosa raha ni shemeji. Kila akija Busia alisimama kando ya barabara, sikio limetega, na kila siku cherehani ilikuwa inalia. Basi akabadilisha njia. Akaenda kwa wazee akasema kuna mwanamume mgeni anayekalia mali ya marehemu, cherehani inalia kwa miguu ya mtu asiye wa ukoo, na mtu mzima anajua maana yake ni nini. Wazee wakaja. Walikuja siku ya soko, maana waliona safari isiende bure, wakajaa kwenye chumba changu, wengine juu ya marobota ya vitambaa, wengine mlangoni. Akina mama wa boma walisimama nje dirishani, na miongoni mwao mke wa shemeji.

Nilikuwa naogopa. Nikivaa uso wa vita watu hudhani siogopi. Watoto wangu walikuwa wanakula kutoka kwenye kile chuma. Zaidi ya hayo, kilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho mume wangu alikishika kwa mikono yake kila wiki, na kama kingetoka nje ya ule mlango, sijui ningekaa vipi ndani.

Shemeji alisema yake, na alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema kauli ilikuwa mjane ailishe nyumba kwa cherehani, si mjane alete mwanamume aikanyage. Wazee wengine wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mimi nikasema kijana alinivunja, nami ninamdai mguu, na ananilipa. Mtu akikuharibia shamba akakulipa kwa kulima, shamba linakuwa lake? Mzee mmoja akaguna, akasema hajasikia deni la miguu tangu azaliwe. Nikamwambia na mimi pia, lakini ndilo hilo.

Mzee wa ukoo akamgeukia kijana, ambaye wakati wote alikuwa ameketi kwenye kiti chake ng'ambo ya cherehani, kichwa chini.

"Wewe kijana. Hii miguu inakanyaga hapa ni ya nani?"

"Ni ya mama, mzee," akasema. "Mchana ndiyo inakuwa yangu."

Kicheko kilianzia mlangoni kikaingia ndani. Hata mzee alifunika mdomo. Shemeji akaona mambo yanamponyoka, akasimama akasema wacheke tu, lakini mke wake yuko pale nje anangoja cherehani avalishe watoto wake, na yeye ni mke wa ukoo kama mimi. Hapo mzee akamwita huyo mke asogee dirishani, aseme mwenyewe. Mimi nikasema moyoni, basi, kwisha mimi. Mwanamke huyo hatukuwahi kugombana, lakini pia hatukuwahi kuwa na la kuongea. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mbele ya mumewe hata salamu aliitoa akiangalia ardhi.

"Mimi kushona sijui, mzee," akasema. "Ikiletwa kwetu haitalia hata siku moja. Kuna mtu wa magendo wa ng'ambo ameshakuja kuiulizia mara mbili."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu pale ndani alijua cherehani kama ile ingeleta nini ng'ambo siku zile, kule hata sindano ilikuwa shida. Shemeji alimtazama mkewe, na mkewe kwa mara ya kwanza hakuangalia ardhi. Nilitaka kutoka nimkumbatie. Plasta ilinizuia.

Mzee hakurefusha. Alisema cherehani inalia, masikio yake yameisikia akiwa bado njiani, basi ikae pale ilipo. Na mwenye kuitaka tena asubiri nife mimi, siku ya kunyoa kwangu.

Wengi wakaanza kuinuka. Lakini neno hilo la mwisho lilinichoma. Nikaona kabisa siku hiyo, mimi niko chini ya udongo, hawa hawa wamekaa juu ya marobota yangu wanaulizana, na watoto wangu wamesimama dirishani. Nikasema waketi kidogo. Nikasema, siku yangu ya kunyoa ni leo. Sina ng'ombe, sidai mtu, isipokuwa huyu kijana ambaye deni lake linaisha plasta ikitoka. Kitu changu ni hiki kimoja, na nikifa ni cha binti yangu mkubwa. Ninasema mbele yenu nikiwa na mdomo, ili msije mkaniambia nilinyamaza.

Mzee yule aliyeguna mwanzo akasema binti ataolewa, mali itahamia kwa watu wengine. Nikamuuliza na mimi nilitoka wapi, si kwa watu wengine? Hii mikono inayowashonea makoti ya Krismasi ilikuja na mimi, na sikumbuki ukoo wa baba yangu ukiidai. Mzee wa ukoo akasema amesikia. Kwa wazee wa kwetu, kusikia si kukubali na si kukataa, lakini alilisema mbele ya mashahidi, na yule karani aliniambia baadaye nimefanya zaidi ya watu wengi wenye mawakili.

Plasta ilikatwa. Mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba na mweupeweupe, nikauonea huruma kama mguu wa mtoto wa jirani. Nilipoweka wayo kwenye chuma cha kukanyagia, nilikanyaga kidogo tu nikachoka, na kile kiti cha ng'ambo kilikuwa wazi. Sikutegemea kitu hicho kingeniuma, lakini kiliniuma. Binti yangu ndiye aliyekaa. Alikuwa ameangalia miezi yote ile kutoka mlango wa jikoni, kumbe alikuwa anajifunza. Siku chache baadaye akaweza suruali ya kaptura peke yake, mshono umenyooka kuliko wangu wa zamani, ingawa sikumwambia asije akalewa sifa.

Ndipo mama mmoja wa ng'ambo akatuma habari anataka gomesi yake. Mguu wangu haukuwa wa safari hiyo. Nikafungua mlango asubuhi, nikamkuta kijana wa Moding ameegemea baiskeli, kimto kipya cha sponji kwenye keria. Nikamwambia deni lake limekwisha, hana haja ya kuja. Akasema anajua, amekuja kama mtu wa boda, anatafuta abiria. Nikamwambia nitalipa nauli kama watu wengine. Akasema sawa mama.

Nilifunga gomesi mara tatu kwa kamba ya katani, na mshipi nikaujifunga mwenyewe kiunoni kabisa, nikapanda. Nyuma yetu cherehani ilikuwa inalia chini ya miguu ya binti yangu. Niliisikiliza mpaka ngurumo za malori zikaimeza. Tukapita geti letu. Tulipofika pale katikati, mahali penyewe, alipunguza mwendo bila kuambiwa, kama alivyokuwa akipunguza kwenye kona ya kola. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili.

"Ukiniangusha tena," nikamwambia mgongoni, "safari hii nachukua miguu yote miwili."

Akacheka, akakanyaga, tukavuka.